Nyumba ya mawe ya mkulima wa Kiingereza: Cotswolds, Yorkshire Dales au Dartmoor?

Anayetaka kukodi nyumba ya zamani ya mawe mashambani Uingereza kwa likizo, au kununua moja ahamie na familia, huanza kwa kuangalia picha. Picha zinaonyesha rangi ya jiwe na maua ya mlangoni. Hazionyeshi mvua inaingilia wapi, jua linafika chumba gani, wala ng'ombe walikuwa wakilala upande upi. Na kwa nyumba hizi, mambo hayo matatu ndiyo yanayoamua kama utaishi kwa raha au utashinda ukipigana na ukuta.

Nalinganisha hapa aina tatu. Ya kwanza ni nyumba ya jiwe la chokaa ya Cotswolds, kwenye vilima vilivyoenea kati ya Bath, Oxford na Stratford. Ya pili ni ya Yorkshire Dales na mabonde ya milima ya Pennines huko kaskazini, ambayo mara nyingi imeungana na ghala lake chini ya paa moja. Ya tatu ni nyumba ndefu ya graniti ya Dartmoor, Devon, kusini-magharibi. Zote tatu ni kazi ya wakulima waliojenga kwa jiwe la karibu, nyingi kati ya mwaka 1500 na 1800, ingawa baadhi ya zile za Dartmoor zina umri mkubwa zaidi. Mtu akishazijua hawezi kuzichanganya tena, hata akipapasa ukuta gizani.

Msimamo wangu nausema mapema. Ya kununua na kuishi, nachagua ya Dales. Ya kukodi wiki moja ukatoka umejifunza kitu, nenda Dartmoor. Cotswolds ni ya mwenye pesa ya kutosha na mapenzi ya kweli kwa kazi ya mwashi.

Jiwe lenyewe

Jiwe la Cotswolds ni chokaa iliyojijenga chini ya bahari zaidi ya miaka milioni 160 iliyopita, punje ndogo za mviringo zilizoshikana. Chuma kidogo kilichomo ndicho kinacholipatia jiwe rangi. Kaskazini, pande za Chipping Campden na Broadway, ni rangi ya asali. Ukishuka kusini hadi Painswick linapauka na kukaribia weupe. Raha ya fundi ni kwamba likitoka machimboni bado lina maji ndani, na ni laini: linakatwa kwa msumeno na kuchongwa kwa patasi. Likikaa hewani linakauka na kuwa gumu. Mtu wa pwani ataelewa upesi, maana tumbawe lililochongwa zidaka na mihirabu ya Lamu na Zanzibar lilifanyiwa kazi vivyo hivyo, likiwa bado bichi. Ndiyo sababu hata nyumba ya mkulima wa kawaida huko Cotswolds ina fremu za mawe zilizochongwa, ukingo wa jiwe juu ya kila dirisha wa kutupa maji pembeni, na mapambo kwenye ncha za paa ambayo kwingine ungeyakuta kwa tajiri peke yake.

Graniti ya Dartmoor ni kinyume chake kabisa. Ni mwamba wa moto uliopoa chini ya ardhi miaka takriban milioni 280 iliyopita. Isogelee uone: vipande vyeupe vya felspa, vingine vyenye urefu wa sentimita kadhaa, kwatzi ya kijivu, na vimeta vya maika. Wajenzi wa kale hawakuichimba. Waliyatumia mawe yaliyolala juu ya ardhi ya nyanda zile, wakayapanga makubwa chini na kuyachonga kwa kiasi kidogo walichoweza. Kuta nyingine zina unene wa karibu mita moja. Ukiona nyumba ya Dartmoor ambayo mawe yake yamechongwa mraba safi, ama ni ya karne ya 19 ama mwenyewe alikuwa na uwezo kuliko majirani zake.

Dales ni mchanganyiko, na hapo ndipo pananivutia. Juu mabondeni, kama pande za Malham, mwamba ni chokaa ya kijivu, ngumu, isiyokubali kuchongwa vizuri. Kwa hiyo utakuta ukuta wa mawe ya chokaa yasiyo na umbo, lakini kona, linta na fremu za milango ni za jiwe la mchanga lililotoka kwingine bondeni. Ukielekea kusini hadi Halifax, nyumba nzima ni ya jiwe la mchanga lenye chembe kubwa, na moshi wa viwanda umeifanya nyeusi. Ukuta wenyewe ni kuta mbili zilizosimama sambamba, katikati pakajazwa kifusi cha mawe, na kila baada ya kimo fulani jiwe refu linapita kutoka nje hadi ndani kuzifunga pamoja. Kwenye maghala vichwa vya mawe hayo mara nyingi vimetokeza nje, unaweza kuvihesabu. Pasipo na mawe ya kutosha, kuta mbili zinaachana polepole na ukuta unafanya tumbo. Ukuta wenye tumbo unatengenezeka, lakini kwa fedha nyingi na kwa fundi anayejua.

Paa

Hapa ndipo penye gharama kubwa kuliko pote, kwa hiyo nakaa kidogo.

Paa la Cotswolds ni la vigae vya mawe. Vikubwa vinapangwa chini, kwenye upenu, na kila mstari unaopanda vinapungua, hadi kwenye mgongo wa paa vinakuwa vidogo kabisa. Kila kigae kilitobolewa tundu kikaning'inizwa kwenye pau kwa kijiti cha mwaloni. Mpangilio huo una akili yake: maji ya paa zima hupitia chini, basi huko maungio yawe machache, na uzito mkubwa ukae juu ya ukuta wenyewe. Mwinamo ni mkali, nyuzi 50 na zaidi, kwa kuwa chokaa hunywa maji na mvua lazima iteremke kabla jiwe halijashiba. Mwinamo huo ndio uliowapa watu wa Cotswolds vyumba vya juu kabisa, vyenye kuta za pembetatu zinazotazama mbele na dirisha dogo katikati yake.

Vigae vilivyosifika kuliko vyote vilitoka Stonesfield, kijiji cha Oxfordshire. Wachimbaji walishuka mashimoni, wakatoa mabamba ya jiwe wakati wa vuli, wakayatandaza shambani na kuyatunza yasikauke, wakisubiri baridi kali. Maji yaliyomo kati ya matabaka yakiganda hupanuka, na bamba linapasuka lenyewe kuwa vigae vyembamba. Likikauka kabla ya barafu kuja, halipasuki tena sawasawa na jasho lote limekwenda bure. Machimbo hayo yalifungwa mwanzoni mwa karne ya 20. Leo mwenye paa bovu hutegemea vigae vilivyookolewa kwenye majengo mengine au machimbo machache yanayoendelea kwingineko, na bei yake inaumiza. Ukikagua nyumba ya Cotswolds, uliza habari za vile vijiti vya mwaloni. Kigae kimoja kilichoanguka ni jambo dogo. Vigae vikianza kuteleza kwa makundi, vijiti vimeoza, na paa zima litavuliwa na kupangwa upya.

Paa la Dales ni la mabamba mazito ya jiwe la mchanga, mapana, na mwinamo wake ni wa kulegea, kama nyuzi 30. Mabamba makubwa yana maungio machache, hivyo hayahitaji mteremko mkali, na yakisimamishwa sana uzito utavishinda vishikizo vyake. Kenchi chini yake ni ya mbao nene. Ukiona mgongo wa paa umebonyea kidogo usikimbie: mwaloni mzee hujikunja ukatulia, ukakaa hivyo miaka 200. Cha kuogopa ni mbonyeo mpya, unaokuja na nyufa za lipu vyumbani.

Dartmoor waliezeka kwa mabua ya ngano, maana graniti haipasuki kuwa vigae. Nyumba nyingi baadaye zilivishwa sleti au mabati, lakini zile zenye nyasi bado zipo na ndizo nzuri. Nyasi za namna hiyo hudumu miaka 25 hadi 40 kutegemea fundi na hali ya hewa, na kofia yake ya juu hubadilishwa mapema, baada ya miaka 10 hadi 15. Bima ya moto ni ghali. Lakini kuna jambo ambalo halipatikani kwenye nyumba mbili zile nyingine. Desturi ya Devon ni kwamba mwezekaji haondoi nyasi zote; hutoa zilizooza na kulaza mpya juu ya zilizobaki. Ndiyo maana katika baadhi ya nyumba za mkoa huo tabaka la chini kabisa ni la zama za kati, jeusi tititi kwa masizi ya moto uliokuwa ukiwashwa katikati ya sakafu kabla nyumba haijawa na dohani. Moshi ulijipenyeza wenyewe kwenye nyasi. Masizi yakayahifadhi mabua, na wataalamu wa mimea wameyachambua wakakuta aina za ngano ambazo hazilimwi tena huko, pamoja na nafaka iitwayo rai na magugu ya mashamba yale. Fundi akikwambia anataka kuondoa nyasi nyeusi za chini ili dari ipendeze, mzuie.

Watu, ng'ombe na mlango

Nyumba ndefu ya Dartmoor imelala kufuata mteremko. Mlango ni mmoja, wa watu na wa ng'ombe. Unaingia kwenye ujia unaokata nyumba kutoka mbele hadi nyuma. Upande wa juu ni ukumbi wenye moto, na ndani zaidi kuna chumba cha faragha. Upande wa chini ni zizi. Katikati ya sakafu ya zizi kuna mfereji wa mawe unaoshuka hadi kwenye tundu la ukuta wa mwisho, mkojo na maji ya kuoshea yakatokea nje, mbali na watu. Kando ya kuta yamepangwa mawe yenye matundu, ambamo zilisimama nguzo za kufungia ng'ombe. Madirisha ya zizi ni nyembamba, ya hewa tu, na juu yake ni dari ya kuwekea nyasi kavu. Katika miezi ya baridi joto la wanyama liliwasaidia watu, na mkulima aliwahudumia bila kutoka kwenye dhoruba. Princetown, mji ulio katikati ya Dartmoor, hupata mvua ya karibu milimita 2,000 kwa mwaka, kwa hiyo kutotoka nje kulikuwa na maana kubwa.

Ya kuiona ni Higher Uppacott, karibu na Poundsgate. Inamilikiwa na mamlaka ya hifadhi ya taifa ya Dartmoor, imepewa Daraja la I, la juu kabisa katika ulinzi wa majengo ya kale, na zizi lake halijageuzwa sebule. Nyumba ndefu nyingi zimeshapoteza zizi: ng'ombe walihamishiwa jengo lingine, mfereji ukafukiwa, pakawa jiko au chumba cha wageni. Na pale Hound Tor, kijiji kilichohamwa zama za kati, misingi ya nyumba za aina hii bado iko wazi kwenye majani. Unaingia bure, unasimama kwenye ujia, na unaona kwa macho yako ardhi inavyoshuka kuelekea upande wa ng'ombe.

Dales walitatua jambo hilohilo kwa njia nyingine. Nyumba na ghala ziko chini ya paa moja, lakini kila moja ina mlango wake, na katikati pana ukuta mzima wa mawe, mara nyingi usio na pa kupitia. Ghala lina mlango mkubwa, mara nyingi wa tao, wa kuingizia mkokoteni wa nyasi kavu. Ng'ombe walifungwa humo tangu Novemba hadi karibu na Mei, nyasi zikiwa juu yao, na samadi ikarudishwa mashambani. Mtindo huu ulishamiri kuanzia katikati ya karne ya 17 hadi karne ya 19, hasa kwa wakulima wadogo waliochanganya mifugo michache na ufumaji wa sufu nyumbani. Kwa anayenunua leo, faida yake ni kubwa. Unayo nafasi kubwa kando ya nyumba, imejengwa kwa jiwe lilelile, na unaweza kuiombea kibali uitumie kama karakana, ofisi au makazi bila kuubomoa ukumbi wa watu wa kale. Huko Dartmoor ukitaka nafasi ya ziada utalazimika kulitoa zizi, nalo ndilo moyo wa nyumba.

Juu ya mlango wa nyumba nyingi za Dales kuna jiwe la tarehe, na kulisoma ni rahisi ukijua mpangilio. Herufi ya juu ni ya ukoo, mbili za chini ni za mume na mke, kisha mwaka. Tuseme juu pana R, chini pana I na M, halafu 1674. Hao ni mume na mke wa ukoo wa R, na I inaweza kuwa J, kwa kuwa wachongaji wa zamani hawakuzitofautisha. Mwaka unaweza kuwa wa kujenga, wa kukarabati, hata wa kufunga ndoa, na jiwe lenyewe lingeweza kuhamishwa, basi lisitumike peke yake kuthibitisha umri wa nyumba. Lakini mimi nalipenda kwa sababu moja: herufi ya mke imechongwa kwa ukubwa uleule wa herufi ya mume.

Cotswolds wanyama walikaa mbali, kwenye mazizi na maghala yaliyozunguka ua. Nyumba ni ya watu peke yao: ukumbi, sebule, jiko, vyumba ghorofani, na vya juu chini ya paa kwa watumishi au kwa kuhifadhi jibini na sufu. Fedha za kujengea zilitoka sana kwenye kondoo na vitambaa, na biashara ya vitambaa ilipodorora vijiji vingi havikuwa na uwezo wa kubomoa na kujenga upya. Ukata huo ndio uliozihifadhi. Kelmscott Manor, karibu na mto Thames, ilijengwa kiasi cha mwaka 1600 kwa familia ya wakulima wenye nafasi. William Morris, mchoraji wa vitambaa na karatasi za ukutani, aliikodi mwaka 1871 akabaki nayo hadi kifo chake mwaka 1896. Leo ni mali ya Society of Antiquaries of London na wageni huruhusiwa kuingia. Nenda ukaangalie paa lake kutoka bustanini kabla ya kuangalia vitambaa vya ndani.

Mwanga

Hapa Cotswolds inashinda. Madirisha yamegawanywa kwa nguzo ndogo za mawe, na mara nyingi hupungua kadiri yanavyopanda: chini sehemu nne, ghorofani tatu, juu kabisa mbili. Kuta nyeupe za ndani hurudisha mwanga na vyumba vinachangamka hata Desemba. Dales kuna nyumba zenye safu ndefu za madirisha ghorofani, hasa pale ambapo wafumaji walihitaji mwanga juu ya kitanda cha kufumia. Nyingine ni za giza. Dartmoor ni giza, niseme wazi. Madirisha ni madogo, ukuta ni mnene, na utawasha taa saa tisa mchana. Ukiona dirisha lililozibwa kwa mawe katika nyumba yoyote, huenda ni kwa ajili ya ile kodi ya madirisha iliyotozwa kuanzia 1696 hadi 1851, ingawa mengine yalizibwa kwa sababu chumba kilibadilishwa matumizi.

Unyevu, chokaa na saruji

Hili ningetaka kila anayefikiria kununua alisome mara mbili. Nyumba hizi hazina nafasi ya hewa katikati ya ukuta kama za kisasa, wala tabaka la kuzuia unyevu msingini. Mawe yake yaliunganishwa kwa udongo na chokaa ya kujengea. Mvua inaingia kidogo ukutani, chokaa inaunyonya unyevu na kuutoa tena kwenye hewa jua na upepo vikija. Ukuta unapumua, na kwa kupumua huko umeishi miaka 400.

Kisha katika karne ya 20 wakaja mafundi wa saruji. Saruji ni ngumu kuliko jiwe la Cotswolds na haipitishi maji. Ikijazwa kwenye maungio, unyevu unaoingia kwa nyufa ndogo hauna pa kutokea isipokuwa kupitia jiwe lenyewe. Barafu inapokuja, maji yanaganda ndani ya uso wa jiwe na uso unabanduka vipande. Utaiona mara moja: mistari ya saruji imetokeza mbele na mawe yameliwa kuingia ndani. Walioona kuta za Mji Mkongwe wa Zanzibar zilizopigwa lipu ya saruji juu ya mawe ya matumbawe na chokaa wanajua jinsi unyevu unavyonaswa ndani na lipu ikaachana na ukuta. Kosa ni lilelile, ila huko Uingereza barafu inaliharakisha.

Cotswolds ndiyo inayoumia zaidi kwa saruji kwa kuwa jiwe lake ni laini. Dales jiwe la mchanga linastahimili zaidi, lakini ukuta unaotazama magharibi unapigwa na mvua ya upepo mwaka mzima na maungio yake lazima yaangaliwe. Dartmoor shida ni nyingine: graniti hainywi maji, hivyo mvua inatiririka usoni mwake na kuingia yote kwenye maungio, na ndani ukuta wa baridi unatokwa jasho kwa mvuke wa kupikia na wa kuoga. Kufungulia hewa na kuwasha moto mara kwa mara ndiyo dawa, pamoja na kupaka rangi ya chokaa badala ya rangi ya plastiki. Yule Morris wa Kelmscott aliasisi mwaka 1877 chama cha kulinda majengo ya kale, SPAB, ambacho hadi leo hufundisha mafundi na wenye nyumba kukarabati kwa chokaa. Tafuta fundi wa namna hiyo kabla hujatia saini, na bei yake uiweke kwenye hesabu zako.

Kuna gesi pia. Radoni hutoka kwenye miamba yenye urani, haina harufu wala rangi, na kuivuta miaka mingi huongeza hatari ya saratani ya mapafu. Devon na Cornwall, kwa ajili ya graniti, ni kati ya maeneo yenye radoni nyingi Uingereza, na baadhi ya maeneo ya chokaa pia yamo. Kiwango cha kuchukua hatua ni bekereli 200 kwa mita ya ujazo. Kipimo ni kijisanduku kidogo cha plastiki kinachoachwa nyumbani miezi mitatu, na ikiwa imezidi, feni ndogo inayovuta hewa chini ya sakafu mara nyingi hutosha. Muulize muuzaji kama amepima. Kwa nyumba ya Dartmoor nisingenunua bila jibu.

Na popo. Wanapenda mapaa ya mawe ya nyumba hizi, na sheria inawalinda wao na viota vyao. Mtaalamu lazima akague kabla hujagusa paa, na kazi inaweza kusubiri msimu.

Sheria kwa ufupi

Nyumba nyingi kati ya hizi zimo kwenye orodha ya taifa ya urithi inayosimamiwa na Historic England, taasisi ya umma ya urithi, yenye takriban maingizo 400,000. Zaidi ya asilimia 90 ya majengo ya orodha hiyo ni Daraja la II, na chini ya asilimia 3 ndiyo Daraja la I. Watu hudhani ulinzi ni wa sura ya nje. Unahusu ndani pia: ngazi, mbao, sakafu, meko. Na majengo ya uani yaliyokuwepo kabla ya tarehe 1 Julai 1948 kwa kawaida yanahesabiwa pamoja na nyumba. Kufanya mabadiliko bila kibali ni kosa la jinai. Baya zaidi kwa mnunuzi ni kwamba halmashauri inaweza kumdai mwenye nyumba wa sasa arekebishe yaliyofanywa na aliyemtangulia, bila ukomo wa muda. Kama mwenye nyumba wa zamani alitia madirisha ya plastiki kinyemela, mzigo unaununua wewe. Omba kuona barua za kibali za kila kazi kubwa.

Nani achague ipi

Mwenye familia anayefanya kazi London siku mbili tatu kwa wiki na ana uwezo, Cotswolds inamfaa. Treni ya Paddington hadi Moreton-in-Marsh huchukua takriban saa moja na nusu, vyumba vina mwanga, na watoto wana nafasi ya juu. Lakini bei ya nyumba imepanda kwa sababu hizohizo, na paa litadai fedha wakati wowote. Ukiiona ya bei nafuu isivyo kawaida, anza ukaguzi kwenye vigae.

Anayefanya kazi nyumbani, mwenye kutaka bustani na ghala, asiyeogopa baridi, achague Dales. Jiwe ni gumu, mpango wa nyumba unaeleweka, na ghala linakupa pa kukua. Angalia matumbo ya ukuta, angalia ukuta wa magharibi, na uliza maji ya kunywa yanatoka wapi, kwa sababu mashamba ya mbali hutegemea chemchemi au kisima na matangi ya maji taka ya mwenyewe. Reli ya Settle hadi Carlisle inapita kwenye baadhi ya mabonde, lakini bila gari utateseka.

Dartmoor ya kununua ni kwa mtu aliyekwishaamua kwamba nyumba yenyewe ndiyo kazi yake ya maisha. Giza, mvua, nyasi za kuezekea, bima, radoni: yote yanavumilika kwa anayependa, na kwa asiyependa ni adhabu. Kukodi ndiyo njia ninayopendekeza. Landmark Trust, shirika la hisani linalookoa majengo ya kale na kuyakodisha kwa wageni, lina nyumba ndefu iitwayo Sanders katika kitongoji cha Lettaford, iliyojengwa kiasi cha mwaka 1500. Weka nafasi mapema, nje ya likizo za shule, na chagua Novemba au Februari kuliko Julai. Wiki ya mvua itakuonyesha kama unaweza kuishi na kuta hizi, kabla hujazungumza na benki yoyote kuhusu mkopo.